Askari Ameondoka, Nyumbani Kumebaki Nani?

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

Habari za jioni, msikilizaji wetu wa Kabingo, wa Base Camp, wa Juru na wa Rubondo. Na wewe uliyeshika karatasi hii mkononi kwa sababu betri za redio zimekwisha, au kwa sababu jirani amefungulia mpira kwa sauti ya juu, habari yako pia. Humu mna maneno yote ya kipindi kama tulivyoyasoma hewani. Ukimaliza, mpe mwingine. Tafadhali usiifungie maandazi kabla hajaisoma.

Leo ni kipindi cha historia, na kimeletwa na mgeni. Wiki mbili zilizopita mzee mmoja, mwenyeji wa hapa Kabingo, alikuja pale tunaporekodia, akakaa kwenye benchi la nje, akaweka fimbo yake chini. Ana zaidi ya miaka themanini. Akaniuliza, "Mwanangu, ninyi kila Ijumaa mnasoma majina ya watu wanaotafutwa. Unajua kazi hiyo ilianza lini?" Nikamjibu kwamba ilianza siku tulipopata maikrofoni. Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia kwamba baba yake alikuwa keya, na mama yake alikaa miaka minne akingoja kusikia jina moja tu, na huku akiomba Mungu asilisikie.

Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo sababu ya kipindi hiki.

Kwanza, keya ni nani? Vijana wengi hawajalisikia neno hilo. Mwaka 1902 Waingereza waliunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki na vya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, wakaliita jeshi hilo King's African Rifles. Kifupi chake ni KAR, na mdomo wa raia ukakitamka "keya". Maofisa walikuwa Waingereza. Askari walikuwa vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika, Nyasaland, na Wasomali pia. Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha haraka kisicho na adabu nyingi, ambacho ofisa kutoka Uingereza na kijana kutoka Acholi walijifunza pamoja. Sare ilikuwa ya Mwingereza na mfalme aliyeapiwa alikaa London. Kwa hiyo nikisema "askari wa Mwingereza", usimwone tu mzungu mwenye uso mwekundu wa jua. Mwone pia kijana wa Ankole aliyeacha ng'ombe wa pembe ndefu kwa mdogo wake.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Uganda, Kenya na Tanganyika zilitoa kwa pamoja zaidi ya vijana 250,000, wa kupigana, wa kuendesha magari, wa kuchimba barabara, wa kubeba wagonjwa. Kati yao zaidi ya 70,000 walitoka Uganda. Wengine walipenda wenyewe, kwa ajili ya mshahara au kwa kutaka kuona dunia. Wengine chifu alitakiwa kupeleka idadi fulani ya vijana, na ukiwa kijana asiye na mtetezi unajua idadi hiyo inaanzia wapi.

Walikwenda mbali. Mwaka 1941 walipigana na Waitaliano huko Somalia na Ethiopia. Ndugu zangu Wakongomani wasijisikie wamesahauliwa: askari wa Force Publique walitoka Kongo, wakapita Sudani, na mwezi wa saba mwaka 1941 jenerali wa Kiitaliano alisalimu amri mbele yao pale Saio, magharibi ya Ethiopia. Mwaka 1942 keya walikuwa Madagaska. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, pamoja na batalioni ya Uganda ndani yake, ilikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, kwenye mvua isiyokoma, matope na malaria, ikiwasukuma Wajapani mpaka mto Chindwin. Kuhusu mapigano yenyewe sitasema zaidi. Vitabu vya vita vimejaa mizinga. Mzee wa Kabingo hakuniuliza habari za mizinga.

Aliniuliza habari za mama yake.

Tuanze na karatasi, kwa sababu sisi hapa tunazijua karatasi. Kijana alipoandikishwa, alitaja jina lake, la chifu wake, na la mtu wa karibu wa kuarifiwa akifa. Pia aliweza kukata sehemu ya mshahara wake ibaki nyumbani, ilipwe kwa familia kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, pale bomani. Ni jambo zuri likiwa kwenye karatasi. Lakini fikiria wewe mwenyewe siku ile ulipoulizwa, "Kaya yako ina watu wangapi?" Nani ni kaya? Mama mzazi aliye kijiji kingine? Mtoto wa marehemu dada? Mke wa pili? Fomu ilikuwa na nafasi ndogo, na nyumba za kwetu zilikuwa kubwa. Mzungu wa jeshi alitaka mke mmoja mwenye ndoa inayotambulika. Baba wa askari alisema, "Mimi ndiye niliyemzaa, mimi ndiye niliyetoa mahari, fedha ni zangu." Mke alisema, "Mimi ndiye nina watoto wake." Na askari mwenyewe yuko Ethiopia, hawezi kusimama katikati yao. Kesi za namna hii ziliwachosha wakuu wa wilaya Afrika Mashariki nzima. Wapo askari waliompa kaka haki ya kupokea, wakidhani kaka ni salama kuliko mke, wakarudi wakakuta kaka amenunua ng'ombe kwa jina lake.

Mama wa mzee wetu alitembea kwa miguu mpaka Mbarara kuchukua hizo shilingi. Leo ukipanda gari barabara hii unalalamika kwa mashimo. Yeye alikwenda na mtoto mgongoni, akalala kwa watu njiani, na mara nyingine aliambiwa jina lake halijafika, arudi mwezi ujao. Niliposikia maneno hayo, "jina halijafika", nilisimamisha kurekodi kidogo. Kila aliyewahi kupanga mstari hapa Nakivale ameshaambiwa hivyo.

Hebu nikupeleke Uingereza mara moja, kwa sababu nilijiuliza: na mke wa askari mzungu je? Yeye pia alibaki. Alipewa kijitabu, na kila wiki alikipeleka posta akalipwa posho ya mke wa askari. Wengi walilalamika kwamba haitoshi, na kweli haikutosha. Kuanzia mwezi wa kwanza mwaka 1940 chakula chake kilipimwa kwa kadi: sukari na siagi, kwa wakia. Mgawo huo haukuisha vita vilipoisha. Uliendelea mpaka 1954. Sikuwa najua kwamba Waingereza nao walipanga mstari wa mgawo kwa miaka kumi na minne. Watoto wa London waliondolewa kwa treni mwaka 1939, na vibandiko vya majina vimefungwa kwenye makoti yao, wakapelekwa vijijini kwa watu wasiowajua. Na habari za kifo zilikuja kwa telegramu, mara nyingi ikiletwa na kijana wa posta juu ya baiskeli. Wanawake wa mtaa mzima walisimama kwenye madirisha wakiitazama baiskeli ile inasimama wapi. Ikipita mlango wako, unashukuru, kisha unaona aibu kwa kushukuru, kwa kuwa imesimama kwa jirani.

Kwa hiyo machozi yalifanana. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alipata posta mtaani mwake, na telegramu iliyoandikwa kwa lugha yake. Mwingine alitembea mpaka bomani, na barua iliyoandikwa kwa lugha ya jeshi.

Maana barua nazo zina mambo yake. Keya wengi waliingia jeshini bila kujua kusoma. Jeshi lilikuwa na walimu wake, na wengi walijifunzia kalamu huko huko, jambo ambalo wazee husifu mpaka leo. Kabla ya kujifunza, mwenzake alimwandikia. Barua ilipita kwa mkaguzi, ambaye alifuta kila jina la mahali. Ikavuka bahari. Ikafika misheni au kwa chifu. Mwalimu akaisomea familia kwa sauti, mbele ya watu, kwa sababu nani angekosa kuja kusikiliza? Sasa jiulize mwanamume atamwandikia mkewe nini, akijua kwamba macho matatu ya watu wengine yatapita juu ya maneno hayo. Aliandika kuhusu ng'ombe. Aliuliza shamba limelimwa. Aliuliza nani anakuja pale nyumbani, na swali hilo mwalimu alilisoma akiangalia chini.

Mzee alisema barua za baba yake zilikuwa tatu tu katika miaka minne. Zote zilianza na salamu kwa watu kumi na wawili na zikaisha kabla ya kusema lolote.

(Muziki mfupi.)

Sasa nikueleze tukio moja, ili ujue walichokuwa wanakingoja.

Mwezi wa pili mwaka 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa lilikuwa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301, vijana wa nchi zetu hizi waliokuwa njiani kwenda Burma. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, mchana kweupe, nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa makombora. Meli ile ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Hesabu mwenyewe, polepole, mpaka mia na ishirini. Wengi walikuwa chini, ndani ya meli.

Lakini kuna sehemu ngumu zaidi, na nilijadiliana na mwenzangu kama niisome. Nimeona niisome. Nyambizi ilijificha chini ya maji, mahali pale pale ambapo walionusurika walikuwa wakielea. Manowari za Kiingereza zilizosindikiza msafara zilikuwa na hofu kwamba itapiga meli nyingine zenye maelfu ya watu. Zikarusha mabomu ya kina majini, katikati ya watu waliokuwa wakiogelea. Nyambizi ilizamishwa mwishoni. Jumla ya waliokufa ilikaribia 1,300, na kati yao mamia walikuwa Waafrika wa kikosi kile cha mizinga. Walionusurika walizidi 200 kidogo.

Sitahukumu wale makapteni. Mimi ni mtangazaji. Ninachotaka uone ni vijiji. Meli ilizama katika dakika mbili, na katika dakika mbili hizo, huku nyumbani, kuna mwanamke alikuwa anapepeta ulezi. Aliendelea kupepeta. Wiki iliyofuata alikwenda bomani kuchukua shilingi kama kawaida. Vita vina siri zake, na habari za meli iliyozama hazitangazwi sokoni. Aliendelea kuwa mke wa askari kwa siku nyingi baada ya kuwa mjane.

Majina ya wale waliozama yapo leo Nairobi, barabara ya Ngong, kwenye makaburi ya vita, yameandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki. Hawana kaburi, lakini wana jina kwenye jiwe. Nimesema hivyo kwa makusudi, kwa sababu wa kabla yao hawakupata hata hilo. Katika Vita vya Kwanza, kutoka 1914 hadi 1918, mto Kagera ulioko kusini mwetu ulikuwa mstari kati ya Mwingereza na Mjerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Rwanda, wakachukua Kigali mwezi wa tano, na sehemu ya mizigo yao ilibebwa na wapagazi zaidi ya 8,000 walioandikishwa Uganda. Zaidi ya elfu moja kati ya hao walikufa. Katika Afrika Mashariki nzima wapagazi waliokufa ni makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi zimepata jina lao kutoka kikosi hicho cha wabeba mizigo. Nairobi katikati ya mji kuna sanamu ya askari na mpagazi, iliyozinduliwa mwaka 1928. Ina maneno ya kusema kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Ila majina yenyewe hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 100,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka mia moja.

Sasa turudi kwenye swali la mzee: kazi ya kutangaza habari za watu ilianza lini?

Nairobi ilikuwa na redio tangu 1928, lakini ilikuwa ya Kiingereza, ya walowezi kusikia habari za kwao. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa msikilizaji. Kilichobadilisha mambo ni Vita vya Pili. Serikali ilichukua vijana wengi mno, na nyumbani uvumi ulizidi: wamekufa wote, wamelishwa samaki, wameuzwa. Ndipo vipindi vya Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika vikaanza, ili wazazi na wake wa askari wasikie habari za upande wa vita. Bila shaka zilikuwa habari zilizochujwa, kwa maana serikali ile haikuanzisha redio ili isemwe vibaya. Lakini sikia jambo hili, wewe unayesoma: kazi yetu hii ilianza kwa sababu mama fulani alikuwa anauliza mwanangu yuko wapi, na mamlaka ikaona haiwezi kukaa kimya zaidi.

Nilipomwambia mzee hivyo alisema, "Unaona? Nilijua mimi ni mkubwa kuliko redio yenu."

Na wakati huo huo, hapa hapa Uganda, palikuwa na wanawake wengine waliongoja. Hawa walikuwa wakimbizi, nao walikuwa wazungu. Usishangae. Kabla Nakivale haijafunguliwa mwaka 1958 kupokea ndugu kutoka Rwanda, Uganda ilikuwa tayari na kambi za wakimbizi. Moja ilikuwa Nyabyeya karibu na Masindi, nyingine Koja, kwenye rasi ya ziwa Victoria. Walioishi humo walikuwa Wapolandi, maelfu yao, na karibu wote walikuwa wanawake, watoto na wazee.

Walifikaje? Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwatoa kwenye nyumba zao mashariki ya Poland, wakawapakia kwenye mabehewa ya mizigo, wakawapeleka Siberia na Kazakhstan. Hitler alipowashambulia Wasovieti, mambo yaligeuka. Wapolandi wakaruhusiwa kuunda jeshi, chini ya jenerali Anders, na mwaka 1942 jeshi hilo na familia zilizoweza kulifuata zikavuka kwenda Iran. Pale Iran wakatenganishwa. Wanaume wenye nguvu waliingia chini ya amri ya Waingereza. Wake, mama na watoto wakatafutiwa mahali pa kukaa, na wengi wakaletwa Afrika: Tengeru karibu na Arusha, Masindi, Koja, na kwingineko. Walikaa kwenye nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi. Walipanda mboga, wakafungua shule, wakajenga kanisa la matofali ambalo bado linasimama Nyabyeya, na makaburi yao yapo karibu nalo.

Mwezi wa tano mwaka 1944 askari wa Kipolandi walipanda mlima wa Monte Cassino nchini Italia, ambako wengine walikuwa wameshindwa mara tatu. Tarehe 18 bendera yao ilikuwa juu ya magofu ya monasteri. Makaburi yao pale yanazidi 1,000. Barua za baadhi ya makaburi hayo zilipaswa kuja Uganda, kambini, kwa mwanamke mwenye nyumba ya nyasi. Kwa hiyo mwaka ule mwanamke wa Ankole alikuwa anangoja habari kutoka bonde la Burma, na mwanamke wa Poland, siku chache tu za safari kutoka kwake, alikuwa anangoja habari kutoka mlima wa Italia. Waume zao walikuwa chini ya amri moja kuu. Wao wenyewe hawakujuana.

Vita vikaisha, na hapa ndipo njia zao zinapoachana.

Wapolandi walishinda vita wakapoteza nyumba. Wakubwa walikutana Yalta mwezi wa pili mwaka 1945, na sehemu ya Poland walikotoka wengi wao ikabaki kwa Wasovieti. Warudi wapi? Mwaka 1947 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwapokea wale askari wa Kipolandi na familia zao. Kwa hiyo kambini Uganda swali likawa moja: una nani jeshini? Mwenye mume, mwana au baba aliyepigana chini ya Mwingereza aliitwa jina, akapanda meli Mombasa, akaenda Uingereza. Asiye na mtu, au ambaye mtu wake alikuwa amekufa njiani huko Siberia kabla ya kuvaa sare, alibaki kusubiri nchi nyingine imtake. Wengine walikwenda Australia na Kanada. Wengine walikaa Koja mpaka mwanzo wa miaka ya 1950. Ninyi mnaongoja simu ya mahojiano mnanielewa bila maelezo zaidi.

Na keya? Kwake hakuna aliyeuliza kama angependa kwenda Uingereza na familia. Alirudishwa alikotoka. Alilipwa malipo ya kuagwa, na mwaka 2019 nyaraka za zamani zilionyesha hadharani kwamba askari mzungu wa jeshi lile lile la Afrika Mashariki, wa cheo kile kile, aliweza kulipwa mpaka mara tatu ya Mwafrika. Kenya iligawa mashamba kwa askari walowezi waliorudi, bali keya hakuwamo katika mpango huo. Hapa Uganda waliorudi waliitwa kwa Kiganda bakawonawo, walionusurika. Jina linasema walichopewa.

Baba wa mzee wetu alirudi mwaka 1946. Lori lilimshusha Mbarara, akatembea. Alifika jioni, amevaa koti la jeshi, na watoto wakakimbia. Aliwasalimu kwa Kiswahili, kwa maana ulimi wake ulikuwa umezoea. Hakuna mtoto pale aliyejua Kiswahili; nyumbani walizungumza Kinyankole. Mzee, wakati huo mtoto mdogo, alidhani ni askari amekuja kuwakamata. Mama yake alitoka nyuma ya nyumba na chungu mkononi. Alisimama. Kisha, mzee anasema, mama hakulia wala hakupiga vigelegele. Aliuliza jambo moja: "Jina langu ulilibadilisha bomani?" Kwa kuwa mwaka mzima wa mwisho fedha hazikuja, na yeye alikuwa ameamini mojawapo ya mambo mawili: ama amekufa, ama ameandika mke mwingine.

Hakuwa ameandika mke mwingine. Karatasi zilikuwa zimepotea mahali fulani kati ya Burma na Mbarara.

Mzee anasema baba yake hakuwahi kusimulia vita. Kitu pekee alichokifanya ni kwamba kila mvua kubwa ilipoanza usiku, aliamka, akavaa viatu, akakaa mlangoni mpaka ikatike. Mke wake aliacha kumwuliza. Alimpelekea blanketi.

Msikilizaji, nimalizie na langu, kwa ufupi. Baba yangu pia alikuwa askari. Sitasema wa jeshi gani, kwa maana hapa tunaishi watu wa pande zote, na mtoto wa aliyekuwa upande ule mwingine huenda ndiye anayenisaidia kuchaji simu. Mama yangu ana picha yake moja, ameikata ile sehemu ya begani yenye alama. Kila Ijumaa anaketi karibu na redio. Hanisifu kwamba nasoma vizuri. Kipindi kikiisha anainuka, anaweka maharage motoni. Nilikuwa nadhani anasikiliza sauti yangu.

Jumapili nilimpeleka kwa mzee wa Kabingo. Walizungumza muda mrefu, yeye kwa Kiswahili cha Kongo, mzee kwa kile cha keya alichojifunza kwa baba yake. Mimi nilikaa nje na baiskeli. Walipotoka, mama alikuwa na kipande cha karatasi. Alinipa bila kusema neno. Lilikuwa jina la baba, mwaka wa kuzaliwa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho, kama tunavyowaombaga ninyi muandike.

Baada ya muziki mwenzangu atasoma majina ya wiki hii. Ni ishirini na sita, na yameandikwa nyuma ya karatasi hii. La mwisho nimemwomba alisome yeye. Ukimjua yeyote kati yao, aliye hai au aliyefariki, njoo pale kwenye benchi la nje. Tupo kuanzia saa mbili asubuhi.

(Muziki.)